Je, Wajua? Bunda, jimbo lisilobabaishwa na jina kubwa

Mwaka 1995, katika uchaguzi mkuu wa kwanza wa Tanzania tangu vyama vingi virejeshwe, Jaji Joseph Warioba, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990, aligombea ubunge wa Bunda kwa tiketi ya CCM. Alishindwa na Stephen Wasira wa NCCR-Mageuzi. Warioba hakukubali, alikwenda mahakamani, na ushindi huo ukatenguliwa.

Wasira naye si mgeni wa siasa: aliingia bungeni mara ya kwanza mwaka 1970, akiwa kijana wa miaka 25, kupitia Mwibara. Baadaye alirejea CCM na mwaka 2005 akaupata tena ubunge wa Bunda.

Mwaka 2015 jimbo hilo liligawanywa kuwa Bunda Mjini na Bunda Vijijini. Wasira, safari hii akiwa waziri, aliangushwa Bunda Mjini na Ester Bulaya wa Chadema, mwanamke aliyezaliwa miaka kumi baada ya mpinzani wake kuwa mbunge.

Cheo hakipigi kura. Mwananchi ndiye anayepiga.