Daktari na Wanafunzi Wake Wanapouliza Habari za Ukoo Wako

Ukiwa Maua, Nkubu, Chuka, Runyenjes au Siakago, karibu katika mazungumzo yetu ya afya. Kama una kazi mkononi, endelea kuchambua maharagwe yako huku tukizungumza.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalowaudhi akina mama wengi wodini. Umelazwa na mtoto. Asubuhi daktari anakuja kwenye raundi, na nyuma yake kuna vijana sita au saba wenye makoti meupe. Mmoja anafungua daftari na kuanza: Mama, una watoto wangapi? Kuna aliyefariki? Kuna mimba iliyotoka? Baba ya mtoto anatoka wapi? Je, wewe na yeye mna undugu? Ndugu zako wa kiume wako salama?

Mama hunung'unika moyoni, "Mimi nimeleta mtoto atibiwe, sikuja kuandikisha ukoo." Na akina mama wengi hujibu kwa kifupi tu, au huficha, ili kikundi kiondoke upesi. Mama, usifanye hivyo. Majibu yako ni kipimo, tena ni kipimo ambacho hakuna maabara inayoweza kukufanyia. Acha nikueleze.

HAO VIJANA NI NANI?

Hospitali zetu kubwa, kama ile ya rufaa ya Meru, ile ya Embu na ile ya Chogoria, hutibu na pia hufundisha. Utakutana na wanafunzi wa udaktari, wa uuguzi na maafisa wa kliniki, wengine wakitoka Chuo Kikuu cha Methodisti hapa Meru, wengine kutoka vyuo vya KMTC. Wanasomea darasani jinsi magonjwa yanavyopita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Lakini kitabu hakina nyanya, shangazi wala mjomba. Somo hilo huiva mbele ya familia yenyewe.

Ukichungulia daftari la mwanafunzi utaona mchoro. Mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara. Mstari huunganisha mume na mke, na watoto huning'inia chini yao. Aliye na ugonjwa hupakwa wino mweusi, na aliyefariki hukatwa mstari. Mistari miwili kati ya mume na mke maana yake ni kwamba wana undugu wa damu. Mchoro mzuri hufika vizazi vitatu: mtoto, wazazi, na babu na nyanya. Ukikamilika, daktari huutazama na mara nyingi huona njia ambayo ugonjwa umepitia.

UGONJWA HURITHIWAJE?

Huku kwetu watoto wengi hupewa majina ya babu na nyanya. Lakini kabla ya jina, mtoto alikuwa ameshapokea urithi mwingine. Ndani ya mwili kuna maagizo madogo sana yanayoitwa jeni. Ndiyo husema ngozi iwe na rangi gani, damu igande vipi, kimo kiwe kipi. Karibu kila agizo huja mara mbili: moja kutoka kwa mama, moja kutoka kwa baba.

Mtu aliyetufungulia jambo hili alikuwa mtawa aliyeitwa Gregor Mendel. Alilima njegere, zile tunazoziita minji, katika bustani ya monasteri huko Brno, na mwaka 1866 akachapisha aliyoyaona. Alichanganya minji ya maua ya zambarau na ya maua meupe. Kizazi cha kwanza kikatoa maua ya zambarau matupu, ungedhani weupe umepotea. Lakini mimea hiyo ilipozaa, maua meupe yakarudi, karibu mmea 1 kwa kila 4. Weupe ulikuwa umejificha tu.

Ualbino hupita kwa njia hiyo. Mama mweusi na baba mweusi, kila mmoja anaweza kubeba agizo moja lililojificha bila kujua. Mtoto akipokea la mama na la baba pia, anazaliwa na ualbino. Kwa wazazi kama hao, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa hivyo. Na ni kila mimba, mama. Usiseme, "Mmoja ameshazaliwa hivyo, basi watatu wanaofuata watakuwa bila." Kila mimba huanza hesabu upya.

Sasa sikiliza, baba mzazi, na wewe mama mkwe. Mtoto mwenye ualbino si ushahidi kwamba mama alitoka nje ya ndoa. Urithi huo umetoka pande zote mbili, kwenu na kwao. Si laana, na si deni la mahari ambayo haikumalizwa. Katika sensa ya mwaka 2019 Kenya ilihesabu zaidi ya watu 9,700 wenye ualbino. Jaji Mumbi Ngugi, aliyeteuliwa Mahakama Kuu mwaka 2011, ni mmoja wao. Mtoto huyu anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu, losheni ya kukinga jua, kupimwa macho na kukaa mbele darasani. Uliza ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kuhusu losheni hiyo.

MJOMBA ALIYETOKA DAMU

Kuna ugonjwa mwingine ambao mchoro wa ukoo unaweza kuokoa maisha. Unaitwa hemofilia. Damu haigandi vizuri. Agizo lenye kasoro hubebwa na mama, ambaye kwa kawaida haonyeshi dalili kubwa, lakini kila mtoto wa kiume anayemzaa ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuupata.

Sisi watu wa Meru na Embu tunatahiri wavulana wetu. Kila likizo ndefu ya shule vijana huingia jandoni. Kijana mwenye hemofilia ambayo haijajulikana anaweza kutokwa damu kwa siku nyingi, hata kufa. Na mara nyingi dalili ilikuwapo kwenye ukoo: mjomba aliyevuja damu wiki nzima alipotahiriwa, au aliyeng'olewa jino damu ikakataa kukoma, au aliyekuwa akivimba magoti bila kuanguka.

Angalia nimesema mjomba, yaani ndugu ya mama. Sikusema baba mdogo. Lugha yetu inatusaidia hapa, kwa maana inatenganisha upande wa mama na upande wa baba. Kwa ugonjwa huu upande wa mama ndio wenye habari. Kwa hiyo mwanafunzi akiuliza, "Ndugu zako wa kiume wako salama?" hakuchungulii. Mama, kabla mwanao hajatahiriwa, ulizia kwenu. Ukisikia habari kama hiyo, mpeleke apimwe damu kwanza. Jando litangoja. Hata kama ukoo hauna habari hiyo, kijana mwenye kawaida ya kuvuja damu au kuvimba viungo naye apimwe, kwa maana kasoro hii huweza kuanza upya katika familia.

KWA NINI WANAULIZA TUNAKOTOKA?

Wengine hukasirika wakiulizwa kabila. Wanadhani ni siasa. Lakini kuna sababu, na hadithi yake inahusu mlima wetu.

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyelelewa hapa Kenya, Anthony Allison, akisomea udaktari Oxford, alijiunga na msafara wa chuo chake uliokuja Mlima Kenya. Wenzake walikusanya mimea na wadudu. Yeye alizunguka sehemu nyingi za nchi akipima damu ya watu, akitafuta dalili ya selimundu, ile ambayo chembe za damu hupinda kama mundu. Aliona kwamba katika baadhi ya jamii za pwani na za karibu na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walibeba agizo hilo. Nyanda za juu lilikuwa nadra sana. Akajiuliza: pwani na ziwani kuna nini ambacho huku juu hakipo? Malaria. Mwaka 1954 alichapisha jibu: anayebeba agizo moja tu la selimundu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayepokea mawili, la baba na la mama, ndiye anayeugua.

Wanafunzi wa udaktari duniani kote hufundishwa habari hii. Lakini usiichukue vibaya ukasema, "Sisi watu wa milimani haituhusu." Watu wameoana. Mtoto wako wa Imenti anaweza kuwa na baba kutoka Kisumu au nyanya kutoka Kilifi. Mtoto anayelia kwa maumivu ya mifupa mara kwa mara, anayevimba mikono na miguu akiwa mchanga, au anayepungukiwa damu kila mara, sema bila kuficha wazazi wake wote wawili wanatoka wapi. Kipimo cha damu kitatoa jibu.

SI KILA KITU KINARITHIWA

Mama anaweza kujifungua mtoto mwenye hali ya Down. Hali hii mara nyingi sana hairithiwi. Jeni zetu zimefungwa katika vifurushi viitwavyo kromosomu, na mtoto huyu ana kifurushi kimoja cha ziada, namba 21. Hutokea kwa bahati tu, wakati yai au mbegu inapotengenezwa. Nafasi huongezeka kadiri umri wa mama unavyopanda. Kwa mama wa miaka 40 ni karibu mtoto 1 kati ya 100. Lakini mama mdogo pia huweza kumpata. Mtoto huyu apimwe moyo, masikio na tezi ya shingo, kisha apelekwe mazoezi mapema na shule wakati ukifika.

Ukiona wanafunzi wanatazama viganja, masikio na macho ya mtoto wako, usiogope. Wanajifunza kutafuta dalili ndogo. Watu wengi wazima wana mstari mmoja tu kiganjani na hawana shida yoyote.

Na kuna shida nyingine ambazo si za ukoo kabisa. Mtindio wa ubongo unaweza kuletwa na uchungu uliochelewa hadi mtoto akakosa hewa. Pombe wakati wa mimba hudhuru mtoto. Ndiyo sababu wanakuuliza pia ulijifungulia wapi, na uchungu ulichukua muda gani.

HAKI ZAKO KITANDANI

Mama, kufundisha wanafunzi ni msaada unaoutoa, si ada ya matibabu. Mkataba wa haki za wagonjwa wa Wizara ya Afya wa mwaka 2013 na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 vinalinda heshima yako na siri yako. Kwa hiyo:

Una haki ya kujua ni nani daktari na ni nani mwanafunzi. Waulize majina.

Una haki ya kukataa kuchunguzwa na wanafunzi. Ukikataa, mtoto wako bado atatibiwa.

Mtoto asipigwe picha kwa simu bila ruhusa yako.

Una haki ya kuzungumza faraghani. Kama mama mkwe ameketi kitandani na kuna jambo asilolijua, kama mtoto aliyefariki kabla ya ndoa hii, mimba iliyotoka, au baba halisi wa mtoto, sema tu, "Daktari, hilo nitakueleza tukiwa wawili." Usidanganye mbele ya watu. Mchoro wenye baba asiye wa kweli hupotosha matibabu.

MASWALI MNAYONIULIZA MARA KWA MARA

"Sisi, nikishajua tuna ugonjwa wa kurithi, si ndio mwisho wa kuzaa?" Hapana. Nendeni wewe na mume wako pamoja, daktari awaeleze nafasi ilivyo kwa kila mimba. Uamuzi ni wenu. Wengi huzaa tena, wakiwa wamejiandaa.

"Nimekuja na mtoto wa marehemu dada yangu. Sijui ya upande wa baba." Sema unayoyajua, na useme wazi usiyoyajua. Nafasi iliyoachwa wazi ni bora kuliko jibu la kubuni.

"Nyanya ndiye anajua yote, lakini haongei hayo." Nenda naye polepole, jioni, ukimsaidia kazi. Usimuulize magonjwa. Muulize kuhusu watoto aliowazaa, mmoja mmoja, kwa majina.

KAZI YA WIKI HII

Chukua daftari la shule lililobaki kurasa. Andika watoto wako wote, walio hai na waliotangulia. Andika ndugu zako na wa mume wako, kisha babu na nyanya wa pande zote mbili. Kando ya kila jina andika ugonjwa mkubwa, na umri aliofariki kama amefariki. Weka daftari hilo pamoja na kijitabu cha kliniki cha mtoto. Siku makoti meupe yatakapozunguka kitanda chako, utakuwa na majibu tayari, na huenda wewe ndiwe utakayewafundisha jambo ambalo hawakulisoma darasani.

Kama una wasiwasi kuhusu mtoto wako, usingoje kipindi kingine. Mwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako au fika kituo cha afya kilicho karibu. Hadi tutakapokutana tena, mlee vizuri, na Mungu awabariki.