Chumvi Tuipime kwa Kijiko

Hapo kale Waha wa Kasulu na Kibondo waliteremka hadi Uvinza, penye chemchemi za maji ya chumvi karibu na mto Malagarasi, kuitafuta chumvi iliyothaminiwa kama mali. Leo chumvi ni rahisi, na hapo ndipo penye hatari.

Chumvi ikizidi huzuia maji mwilini; shinikizo la damu hupanda na moyo huelemewa, aghalabu bila dalili yoyote. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo katika mkate na samaki wa chumvi.

Vidonge vya virutubisho havishiki nafasi ya chakula bora. Maharage, ndizi na mboga za majani zina potasiamu isaidiayo kushusha shinikizo. Mawese nayo yatiwe kwa kiasi, maana karibu nusu yake ni mafuta yaongezayo lehemu.

Ndugu msomaji, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,000 kutoka Kasulu. Zahanati ya kupimia shinikizo iko karibu zaidi; kijiko kimo jikoni mwako.