Barabara za Vumbi Zageuka Mtaji

Mwaka 2006, waendesha baiskeli 34 walikusanyika Emporia, mji mdogo wa jimbo la Kansas, Marekani, kushindana maili 200, yaani kilomita 320 hivi, kwenye barabara za mawe makali. Leo mashindano hayo, yanayoitwa Unbound Gravel, huvuta washiriki zaidi ya 4,000, na wanaoyataka ni wengi kiasi kwamba nafasi hugawiwa kwa bahati nasibu. Mji wenyewe una wakazi wapatao 24,000 tu.

Ada ya kushiriki ni sehemu tu ya mapato. Katika mbio za maili 200, mwendeshaji hutegemea wasaidizi, wake au wa kukodi, wanaomsubiri vituoni na maji, chakula na spea. Kwa hiyo baiskeli moja huja na watu kadhaa wanaolala, wanaokula na kujaza mafuta. Wale wa mbio ndefu zaidi, za maili 350, hawaruhusiwi wasaidizi. Hununua mahitaji yao katika maduka ya njiani. Kwa vyovyote vile, fedha hubaki kwa wenyeji.

Wawekezaji waliliona hilo. Kampuni ya Life Time iliyanunua mashindano hayo mwaka 2018, na mwaka 2022 ikaanzisha msururu wa mbio wenye zawadi za dola 250,000. Mwaka huohuo Shirikisho la Baiskeli Duniani, UCI, liliandaa ubingwa wa kwanza wa dunia wa mbio za changarawe, huko Veneto, Italia. Viwanda navyo vikapata soko: tairi pana za milimita 40 na zaidi, zisizo na tyubu, zenye majimaji ya kuziba pancha; breki za diski; vifaa vya kuonyesha njia. Baiskeli ya mashindano ya namna hii hugharimu maelfu ya dola, na hicho ndicho kizingiti kikubwa kwa kijana wa Iten, Kenya, au Musanze, Rwanda.

Afrika Mashariki imeshaingia katika biashara hii. Migration Gravel Race ilianza mwaka 2021 katika ukanda wa Maasai Mara, Kenya: siku nne, kilomita 650 hivi. Lengo lilikuwa kuwapa waendeshaji wetu nafasi ya kupimana na vigogo wa dunia hapa nyumbani, kwa kuwa viza na nauli ziliwafungia milango ya Ulaya na Marekani. Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, timu ya waendeshaji wa Afrika Mashariki, aliipigania ndoto hiyo hadi alipofariki mbioni Vermont, Marekani, Agosti 2022. Nchini Rwanda, Race Around Rwanda imewazungusha wageni karibu kilomita 1,000 tangu 2020.

Barabara za vumbi tunazo tele. Wala hatuhitaji kujenga uwanja. Tunachokosa ni mafundi waliozoea baiskeli hizi mpya, spea zilizo karibu, huduma ya kwanza ya uhakika na malazi ya wanakijiji yanayofaa kupokea wageni. Serikali za kaunti na halmashauri, kabla ya kutoa kibali, ziwaulize waandaaji maswali matatu: chakula mtanunua kwa nani, mtafundisha mafundi wangapi, na vijana wangapi wa hapa watashiriki bila kulipa ada? Pasipo majibu ya kuridhisha, kibali kisitolewe.