Mitambo ya upepo inavyoshirikiana kwenye gridi

Wafanyabiashara wa samaki, maua na maziwa wanaijua hasara ya umeme kukatika ghafla. Usiku wa Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani, ukiwemo uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kampuni ya umeme na mwendeshaji wa mradi wa upepo wa Ziwa Turkana walitofautiana kuhusu chanzo. Ili kuelewa mvutano huo, ni vyema kujua mitambo hiyo inavyofanya kazi pamoja.

Mradi huo ulioko Loiyangalani, Kaunti ya Marsabit, una mitambo 365. Kila mmoja una uwezo wa kilowati 850, na yote kwa pamoja hufikia megawati 310. Wasafirishaji wanaukumbuka kwa mizigo yake mirefu iliyotoka bandari ya Mombasa, na kwa barabara ya kilomita 208 kutoka Laisamis iliyobidi ikarabatiwe kwanza.

Kila mtambo una transfoma inayopandisha umeme hadi volti 33,000. Nyaya hukusanya umeme huo na kuupeleka kwenye kituo kimoja, ambako hupandishwa tena na kusafirishwa kwa laini ya kilovolti 400, yenye urefu wa kilomita 428, hadi Suswa.

Wingi wa mitambo una faida. Upepo ukilegea upande mmoja, upande mwingine huendelea kuzalisha, hivyo jumla haiyumbi sana. Lakini yote inategemea njia moja. Laini ikikatika au mitambo ikijizima kwa kujilinda, gridi hupoteza umeme wote huo kwa mpigo.

Hapo ndipo penye hatari. Gridi hutakiwa kubaki kwenye masafa ya hezi 50. Uzalishaji ukishuka ghafla masafa hushuka pia, na vituo vya maji au mvuke wa ardhini vikikosa akiba ya kuziba pengo haraka, vituo vingine navyo hujizima.

Ndiyo maana nyaya za kuvuka mipaka zina umuhimu. Kenya ilianza kununua umeme wa Ethiopia kupitia Suswa Novemba 2022, na gridi yake iliunganishwa na ya Tanzania Desemba 2024. Jirani mwenye ziada anaweza kusaidia, ingawa hitilafu nayo inaweza kuvuka mpaka. Kwa mwenye bidhaa zinazoharibika, jenereta ya akiba bado ni sehemu ya gharama za biashara.