Safari Isiyokuwa ya Matanga

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembea uzike. Hata hivyo, nikizihesabu safari ambazo jamaa yangu imefanya pamoja tangu nipate fahamu, naona kwamba karibu zote zilituongoza kaburini. Tumekodi matatu kwenda Kimilili kuzika. Tumekodi lori kwenda Chwele kuzika. Tumechangishana usiku wa manane ili basi lituchukue hadi Nairobi, likaturudisha alfajiri na jeneza. Safari chache zilizosalia zilikuwa za kupeleka mahari, za kumfikisha mtoto shule ya bweni, au za kumsindikiza mgonjwa hospitalini Eldoret. Safari ya kwenda mahali kwa sababu tu mahali hapo ni pazuri, na sisi tungali hai, haijapata kuwako.

Nisingeliwaza jambo hili lau si kijitabu alichokuja nacho binti yangu hapa nyumbani Kitale. Alikuwa amekiokota katika afisi moja ya usafiri, na kurasa zake zilimeremeta kama sahani mpya. Kilisifu kisiwa cha Gozo, kilichomo katika nchi ya Malta, kule katika Bahari ya Mediterania. Palikuwa na picha ya lango kubwa la mawe lililosimama baharini, na maji ya buluu yakipita chini yake. Binti akauliza, "Baba, kwa nini sisi hatuendi likizo?" Nikamjibu kama wazazi wengi wanavyojibu, kwamba likizo ni ya kupalilia na kuvuna. Akanyamaza, lakini kijitabu akakiacha mezani, mahali ambapo nisingeweza kukikwepa.

Nikaona heri nilichunguze jambo lenyewe kabla ya kulikataa. Malta ni nchi ndogo iliyotawaliwa na Waingereza kama sisi, ikajipatia uhuru mwaka 1964, mwaka mmoja baada yetu. Kutoka kisiwa chake kikubwa hadi Gozo ni mwendo wa feri wa dakika ishirini na tano hivi. Mpaka hapo mambo ni mepesi. Lakini tangu mwaka 2007 Malta imo katika umoja wa nchi za Schengen, na mkulima wa Kitale anayetaka kwenda kuogelea huko sharti kwanza aonyeshe taarifa za benki, tikiti ya kurudi alikotoka, na bima ya matibabu ya yuro 30,000. Nauli ya ndege ya mtu mmoja ingemeza mazao ya ekari nzima na kudai zaidi, na sisi ni watu sita.

Jambo la pili lilinishangaza zaidi. Lile lango la mawe lililopamba kijitabu halipo tena. Liliporomoka baharini tarehe 8 Machi mwaka 2017, wakati wa dhoruba, na halikuacha hata nguzo. Kijitabu kilikuwa kinatuuzia kitu kilichokwisha anguka.

Wiki hiyo nilikwenda kumwona mama, anayeishi kijijini nje ya mji wa Bungoma. Nilikichukua kijitabu ili nimchekeshe. Mama yangu ana umri wa miaka 78 na ni mfuasi wa Kanisa la Marafiki tangu utotoni. Aliposikia jina la Malta akavua miwani. "Hicho si ndicho kisiwa cha Melita, alikovunjikiwa jahazi mtume Paulo, akaumwa na nyoka alipokuwa akikusanya kuni? Na huko ndiko unakotaka kuwapeleka wajukuu wangu?" Tukacheka sana. Kisha nikamwambia kwamba nilikuwa nafikiria kisiwa cha karibu, kisiwa cha hapa kwetu, na kwamba ningependa naye aje.

"Kisiwa gani?"

"Mfangano, mama. Kule ziwani, ng'ambo ya Mbita."

Akanyamaza kwa muda, uso wake ukabadilika. Akauliza kwa sauti ya chini, "Ni nani aliyefariki huko?"

Nikamwambia hakuna aliyefariki. "Basi tunakwenda kumzika nani?" akauliza, na safari hii hakuwa akitania. Katika umri wake wote, msomaji mpendwa, hajapata kuitwa safarini na mwanawe bila ya kuwako maiti. Nilirudi Kitale jioni ile nikiwa na haya isiyosemeka, na tangu hapo nikaanza kupanga.

Kwa nini Mfangano? Kwanza, ukubwa wake ni kilomita mraba 65 hivi, nayo Gozo ni 67. Kama udogo wa kisiwa ndio utamu wake, basi chetu kimetangulia. Pili, kina milima na mapango, na ndani ya mapango hayo, kama kule Kwitone, mna michoro ya kale ya miamba, duara za rangi nyekundu na nyeupe ambazo wataalamu huzinasibisha na Watwa, watu waliowinda na kuchuma mwitu kabla ya babu zetu kuwasili na majembe. Michoro ya namna hiyo ipo pia Kakapel, upande wa Wateso, si mbali na Bungoma. Ni wangapi kati yetu waliowahi kwenda kuitazama?

Tatu, wenyeji wa Mfangano ni Wasuba, ambao masimulizi yao yanasema kwamba wazee wao walivuka maji kutoka nchi ya Buganda. Lugha yao, Olusuba, ni ya Kibantu, jamaa ya mbali ya Lubukusu chetu, nayo inafifia mwaka hadi mwaka mbele ya Kijaluo. Ningependa mama aketi na bibi mmoja wa kule, walinganishe majina ya vyungu, ya mvua na ya wajukuu, wangali wapo wa kulinganisha.

Tena njiani tutapitia Rusinga, kisiwa kilichounganishwa na Mbita kwa barabara. Hapo ndipo alipozikwa Tom Mboya, aliyeuawa kwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai mwaka 1969. Hapo pia, mwaka 1948, Mary Leakey alifukua fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Wanangu huyasoma hayo darasani ili wajibu mtihani. Nataka wayakanyage kwa miguu.

Kupanga safari katika nchi ya mahindi si jambo la kukurupukia. Mwezi wa Machi na Aprili haugusiki, maana mvua haimngoji mtu aliye likizoni. Agosti wa mwaka unaogawika kwa mbili pia haufai, kwa kuwa huo ndio msimu wa tohara kwetu Bungoma, na ole wake mjomba atakayekosekana siku ya mpwa wake kusimama uani. Januari ni ya karo. Mwishoni mwa Desemba nauli hupanda kama moshi. Baada ya kugeuza kalenda huku na huku, tumepata wiki ya pili ya Desemba, mahindi yakiwa yamekwisha kukauka na kutiwa ghalani, na wanaorudi vijijini kwa Krismasi wakiwa hawajaanza kusongamana vituoni.

Njia tumeipanga hivi. Sisi tutashuka kutoka Kitale kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Webuye, na mama atatukuta hapo akitokea Bungoma. Kisha Kakamega, na jioni Kisumu, tulale. Siku ya pili tutakwenda hadi Luanda Kotieno, tupande feri hadi Mbita, na kutoka Mbita tuchukue mashua ya injini hadi Sena, kituo kikuu cha Mfangano. Tutavuka asubuhi, wakati ziwa huwa na upole zaidi, na hapana atakayeingia mashuani bila ya jaketi la kuokolea maisha, hata nahodha akitucheka. Sisi wa nyanda za juu tusiyachukulie maji kwa dharau. Vyandarua tutabeba, kwa sababu malaria ya ziwani si ya kuchezea, na watoto nimekwisha waonya wasitumbukie ufuoni ovyo, kwani kichocho hukaa papo hapo penye majani, na kiboko naye hana adabu kwa wageni.

Na fedha? Katika Trans Nzoia hatuhesabu kwa shilingi, tunahesabu kwa magunia. Nauli ya kwenda na kurudi ni magunia sita ya kilo 90. Malazi na chakula ni manne, mashua mawili, na moja la dharura. Jumla ni magunia kumi na matatu. Mke wangu alipoiona hesabu hiyo aliguna. Kisha akaleta daftari la matanga ya mwaka uliopita, tukahesabu pamoja fungu letu: fahali, hema, vipaza sauti, basi, na chakula cha siku nne. Yalikuwa magunia thelathini na mawili, na marehemu, Mungu amrehemu, hakuonja hata punje. Mke wangu akalifunga daftari. Hakuguna tena.

Najua watakaosema kwamba haya ni maringo ya mtu aliyesahau shida. Jirani yangu aliniambia waziwazi kuwa likizo ni desturi ya Wazungu, na kwamba mtu mwenye akili hununua ndama. Simlaumu. Bei ya mahindi haitabiriki, mbolea ni ghali, na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo hawezi kulishwa picha za ziwa. Ndiyo maana nasema kwamba likizo ya mkopo si likizo, ni deni lililovaa kofia. Asiye na akiba na asubiri. Wala mtu asitoe fedha zote kwa wakala asiyemjua. Chama kimoja nilichokuwa mwanachama kiliwahi kulipia safari ya Mombasa miezi mitatu kabla, na siku ya kuondoka tukaketi kituoni na mikoba yetu hadi jua likatua. Basi halikuja, na wakala hakuonekana tena.

Lakini dai kwamba kutembea ni kwa Wazungu halina mashiko. Hapa Kitale tumezungukwa na mambo ambayo watu huvuka bahari kuja kuyaona. Saiwa, mbuga ndogo kuliko zote za kitaifa nchini, yenye kilomita mraba 3 tu, i karibu nasi tangu mwaka 1974, na ndani yake hukaa nzohe, yule swala wa kinamasi. Katika Mlima Elgon mna pango la Kitum, ambamo ndovu huingia gizani kuchimba chumvi. Tunayo makumbusho mjini. Waulize watu sokoni ni wangapi waliowahi kuingia. Tumekuwa kama mpishi anayelala na njaa.

Wenye hoteli nao wana sehemu ya lawama. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipositisha safari za ndege za abiria kutoka nje tangu Machi hadi mwisho wa Julai, ghafla mwananchi akakumbukwa. Bei zilishuka, na matangazo ya redio yakatuita kwa majina matamu. Wageni waliporudi, wengi wakatusahau. Biashara isiyomjali mwenyeji hujengwa juu ya mchanga. Serikali za kaunti zetu zingefanya jambo la maana kama zingepanga safari za bei nafuu kwa shule, kwa vyama vya akina mama na kwa wazee, kutoka Bungoma hadi ziwani na kutoka ziwani hadi Mlima Elgon, ili watu wanaosikiana wakati wa kampeni tu wapate kuonana.

Hata hivyo tusiombe wingi usio na kipimo. Malta ina wakazi nusu milioni hivi, na mwaka 2019 ilipokea watalii zaidi ya milioni 2.5. Nchi hiyo haina mto wa kudumu, hivyo sehemu kubwa ya maji yake ya kunywa husafishwa kutoka baharini. Kisiwa kidogo ni kama mtungi, hujaa upesi. Mfangano itunzwe kwa wageni wachache wenye heshima, wanaokula samaki wa mvuvi wa pale na kulala kwa mwenyeji wa pale.

Nami nina tamaa moja ndogo katika safari hii. Tangu utotoni nimekula omena iliyopimwa kwa gorogoro katika soko la Kitale, na sijapata kuona inakovuliwa. Nasikia wavuvi huingia ziwani usiku na taa, na mtu akisimama kilimani huona taa hizo zimetanda majini kama mji. Nataka kusimama hapo na mama, kabla macho yake hayajafifia zaidi.

Juzi alinipigia simu. Nilidhani amebadili nia. Kumbe alitaka kujua kama Wasuba hula kuku, maana hawezi kufika nyumba ya watu mikono mitupu. Nikamwambia hula. Akasema amekwisha kumtenga jogoo, na unga wa wimbi atausaga mwenyewe. Nami nimeyatenga magunia kumi na matatu katika pembe ya ghala, na binti yangu ameandika juu yake kwa makaa: MFANGANO. Atakayekuja kuomba mchango wa matanga mwezi huu, nitampa kutoka magunia mengine.