Teksi za London zafichua siri ya ubongo wa mtu mzima

LONDON – Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulioingia Uingereza tukiwa watu wazima methali hii tumeisikia sana, na mara nyingi tumejiambia wenyewe. Mtu akifika ugenini na miaka arobaini, akatakiwa aanze upya lugha, kazi na hata njia za kupita, husema: "Kichwa changu kimeshakauka." Hata hivyo, katika jiji hilihili umefanyika utafiti unaoonyesha kwamba kichwa hakikauki upesi namna hiyo. Ushahidi wake umetoka kwa madereva wa teksi nyeusi.

Kabla ya kuwafikia madereva hao, tuutazame kwanza ubongo wenyewe. Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo 1.3 hadi 1.4 hivi, na kila sehemu ina kazi zake, ingawa zote hushirikiana. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, hutusaidia kupanga mambo, kuamua na kujizuia. Ile ya kisogoni hushughulikia tunayoyaona. Chini yake upo ubongo mdogo, unaosawazisha mwendo ili mtu asipepesuke. Nalo shina la ubongo, linaloungana na uti wa mgongo, husimamia pumzi na mapigo ya moyo hata tukiwa usingizini.

Ndani zaidi, upande wa kulia na wa kushoto, kuna kijisehemu kilichopinda kiitwacho hipokampasi. Jina hilo ni la Kigiriki na maana yake ni farasi wa baharini, yule samaki mdogo mwenye kichwa kama cha farasi, kwa kuwa maumbo yao yanafanana. Hipokampasi hutusaidia kuweka kumbukumbu mpya, na pia kujua tulipo na tuendako.

Umuhimu wake ulidhihirika nchini Marekani mwaka 1953, pale Henry Molaison, kijana wa miaka 27, alipofanyiwa upasuaji wa kutibu kifafa na sehemu kubwa ya hipokampasi zake zote mbili ikaondolewa. Kifafa kilipungua, lakini tangu hapo hadi alipofariki mwaka 2008 alishindwa kuwakumbuka watu wapya aliokutana nao, hata madaktari waliomhudumia kwa miaka mingi.

Sasa turudi London. Anayetaka leseni ya kuendesha teksi nyeusi jiji zima ni lazima afaulu mtihani ambao jina lake kwa Kiswahili ni Maarifa, na ambao umekuwepo tangu mwaka 1865. Mtahiniwa anatakiwa aijue mitaa ipatayo 25,000 iliyo ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, pamoja na hospitali, hoteli, mahakama na nyumba za ibada. Huketi mbele ya mtahini, akatajiwa mahali pa kuanzia na pa kufikia, naye hutaja njia mtaa kwa mtaa bila ramani. Wengi huchukua miaka mitatu hadi minne, wakizunguka kwa pikipiki ndogo, mvua na baridi juu yao.

Mwaka 2000, Eleanor Maguire, mwanasayansi mzaliwa wa Dublin aliyefariki mwaka 2025, pamoja na wenzake wa University College London, walitoa matokeo ya uchunguzi wa bongo za madereva 16 wa teksi hizo. Sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine. Aidha, kadiri dereva alivyokuwa na miaka mingi kazini, ndivyo sehemu hiyo ilivyokuwa kubwa zaidi.

Wenye shaka waliuliza: je, si huenda waliozaliwa hivyo ndio wanaoiweza kazi hiyo? Mwaka 2006 watafiti wakawalinganisha na madereva wa mabasi, ambao huendesha katika jiji lilelile lakini kwa njia zilizopangwa. Tofauti ikaonekana kwa wa teksi tu. Jibu kamili zaidi lilikuja mwaka 2011. Wanafunzi 79 wa Maarifa walipimwa mwanzoni, na bongo zao hazikuwa na tofauti. Baada ya miaka kadhaa, 39 walikuwa wamefaulu. Waliofaulu walionekana wameongezeka katika ile sehemu ya nyuma ya hipokampasi, walioshindwa hawakubadilika.

Ndugu wasomaji, tusiuzidishie utafiti huu chumvi. Ulihusu mitaa, haukuhusu Kiingereza wala uuguzi. Tena faida hiyo ilikuwa na gharama: madereva waliofaulu walikuwa dhaifu kuliko wenzao katika kukumbuka mchoro mgumu walioonyeshwa muda mfupi kabla. Na karibu nusu ya wale 79 hawakufika mwisho wa safari.

Lakini jambo moja limesimama. Waliobadilika walikuwa watu wazima, wengi wakiwa na kazi na familia za kulisha, na mabadiliko yalikuja kwa kurudiarudia siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Miongoni mwetu wapo waliokuwa walimu, wahasibu na waandishi huko nyumbani, ambao leo wanafagia ofisi usiku na wamekwisha kukata tamaa ya kusoma tena. Shida zao nyingi ni za kweli: karo, karatasi za ukaazi, zamu ndefu na watoto. Hizo tuzihesabu, tuzitafutie dawa. Ile ya umri wa kichwa tusiitangulize mbele, kwani hatuwezi kujua kama samaki amekauka kabla ya kujaribu kumkunja.