Kuhamia botini: Kodi unaikwepa, chumvi huikwepi

UNAAMKA na upepo wa bahari, unakunywa chai kwenye sitaha, na hakuna mwenye nyumba wa kukugongea mlango mwisho wa mwezi. Ukivuka daraja la Kilifi na kutupa jicho kwenye ule mkono wa bahari, utaona boti za matanga zimetia nanga, nyingine zikiwa makao ya watu kabisa. Ni rahisi kujiambia: si hata mimi naweza?

Unaweza. Lakini kabla hujauza kochi na TV, jua hili: raha ya botini hainunuliwi mara moja. Inafanyiwa kazi kila siku.

Anza na joto. Boti iliyotia nanga kwa kawaida huelekeza omo, yaani sehemu ya mbele, kule upepo unakotoka. Fungua kidirisha cha paa la mbele na upepo utapita ndani hadi nyuma. Tandaza turubai juu ya sitaha, maana jua la saa sita likipiga moja kwa moja, ndani panageuka oveni. Na usitie nanga karibu na mikoko kama unataka kulala. Mbu wa huko hawana huruma.

Adui wa pili ni chumvi. Nguo iliyofuliwa kwa maji ya bahari haikauki sawasawa, kwa sababu chumvi iliyobaki huvuta unyevu kutoka hewani. Ndiyo maana wenyeji wa botini huoga baharini, kisha hujisuuza kwa lita chache za maji yasiyo na chumvi. Mvua za masika zikianza, kuvu nayo inaingia kabatini. Panguse kwa siki na uache milango wazi.

Umeme unatoka kwa sola, na friji ndiyo mlaji mkubwa. Paneli moja ya wati 100 haitaitosha siku ya mawingu, kwa hivyo sahau soda baridi kila saa.

Sasa tushuke chini ya maji. Bahari yetu ni vuguvugu mwaka mzima, na wiki chache tu bila kusuguliwa, tumbo la boti huota mwani na viumbe wadogo wenye magamba makali. Boti inakuwa nzito na mafuta yanaisha haraka. Mabaharia wa Lamu walilijua hili kitambo: waliegesha chombo ufuoni maji ya bamvua yakijaa, yakipwa wakakwangua na kupaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama. Siku hizi kuna rangi maalumu yenye shaba, lakini kukwangua kuko palepale.

Hatari zaidi ni matundu ya choo, sinki na injini. Kila moja lina valvu na mpira uliobanwa. Mpira ukichoka, bahari inaingia, na boti inaweza kuzama ikiwa imetulia nangani bila dhoruba yoyote. Kila asubuhi chungulia ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika. Yaonje kwa ncha ya kidole. Yakiwa na chumvi, bahari inavuja ndani. Yasipokuwa nayo, ni mvua au tangi lako.

Humo humo ngamani ndimo gesi ya kupikia hujificha ikivuja, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Cheche moja na mambo yameisha. Mtungi ukae nje, sitahani, na ufungwe kila ukimaliza kupika.

Bado una hamu? Basi usianze kwa kununua. Subiri bamvua, nenda mahali boti zinakokwanguliwa na uombe kusaidia kwa siku mbili tatu. Mikono itauma, mgongo utalalamika, na mafundi watakucheka kidogo. Ukirudi siku ya nne kwa hiari yako, anza kuulizia bei.